Mkono wa Kike

Nyumbani Korogwe mama alinifunza mapema:
kikombe hakipokelewi kwa mkono wa kike.
Wa kiume hula, husalimu, huapa.
Wa kike hukaa chini ya meza
na kazi zake hazitajwi mbele za watu.

Sasa niko Leicester, Februari,
saa moja asubuhi na bado ni usiku,
napanda ngazi za zulia nyumbani kwa Mzee Vrajlal.
Kiharusi kilimpitia mwaka juzi
kikampiga mstari kwa chaki, kama fundi cherehani,
kikakata upande wa kushoto wote:
bega, goti, nusu ya kicheko.

Kampuni imenipa dakika thelathini za kumwogesha.
Kunyoa hakumo.
Kunyoa ni kwao wawili.
Yeye hunyoa shavu la kuume, polepole,
hufika katikati ya kidevu, husimama kama aliyefika mpakani,
kisha humpa wembe Jasumati.
Vifungo vya shati ndio usiseme:
mkono wake wa kulia unashika tundu,
wa kushoto wa mkewe unasukuma kifungo,
na hakuna anayetazama.

Ukutani, kalenda ya duka la sari la Barabara ya Belgrave.
Mungu mmoja, nikadhani mchoraji alikosea:
kuumeni ngozi ya chui, nywele za msokoto, nusu sharubu;
kukeni titi moja, herini moja,
wanja kwenye jicho moja, hina mpaka kifundoni.
"Hawa ni nani, mama?"
Akacheka. Kiswahili chake ni cha duka la Mwanza,
hakijawahi kuonana na ngeli.
"Hapana hawa. Hii mtu moja."

Nilitaka kusahihisha. Mtu *mmoja*, mama.
Ulimi ukakwama.

Akanisimulia, huku akikoroga chai,
habari za Bhringi, mcha Mungu mbishi,
aliyetaka kumzunguka mume na kumwacha mke.
Mke akasogea, akakaa pajani pa mumewe.
Bhringi akajigeuza nyuki apenye katikati yao.
Ndipo wakaungana, ubavu kwa ubavu,
pasibaki hata upenyo wa uzi.
Naye bado akatafuta pa kutoboa!
Mke akamwambia: basi nirudishie vya mama,
nyama yako na damu yako,
ubaki na mifupa ya baba uliyemtaka.
Akaanguka palepale kama mwavuli uliovunjika.
Wakamhurumia, wakampa mguu wa tatu.
"Kama ile," akasema Jasumati,
akauonyesha kwa kidole mkongojo wa hospitali mlangoni,
na Mzee akacheka kwa nusu yake inayocheka.

Jumatatu nilikuta kitanda kimoja hakijatandikwa.
Kifua, walisema. Wamempeleka Glenfield usiku, kwa gari la wagonjwa.
Mzee alikuwa ameketi mbele ya kioo,
shavu la kuume safi, la kushoto lina povu,
wembe hewani.
Sijui alikaa hivyo tangu saa ngapi.
Povu lilikuwa limeanza kukauka.

Nikasimama kushotoni kwake.
Nikanyoosha mkono, nao, mama nisamehe,
ulikuwa wa kike.
Akautazama mkono huo kwa muda mrefu.
"Shekue," akasema, "wewe mtu mzuri,"
akauweka wembe kwenye bilauri ya maji.

Nikamfuta povu kwa taulo ya uvuguvugu.
Kifungo kimoja kilitushinda, tukakiacha wazi.
Kwenye fomu ya kampuni, palipoandikwa *amekamilika*,
sikutia alama.

Nusu ile ikaota mvi siku nne,
Mzee akienda nayo dirishani, akila nayo, akilala nayo,
mpaka Ijumaa gari liliposimama nje,
na kabla hajavua koti,
kabla hajaulizwa hali,
Jasumati akaliona shavu lile, akaguna,
akauliza wembe uko wapi.